Bwana Mifugo na Njia ya Uwanjani kwa Bibi

Jina la kijiji sitalitaja. Niliwahi kulitaja, tena kwa herufi nyekundu zenye urefu wa mkono mzima, na ndiyo sababu leo naandika nikiwa nimekasirika. Anayetaka kujua kiko wapi aende akaulize kwa mdomo wake, kama tulivyofundishwa na mzee mmoja ambaye nitamwita hapa kama kila mtu alivyomwita: Bwana Mifugo.

Kilichoniwasha ni simu. Juzi nimesoma maneno ya jamaa mmoja wa hapa mjini, mwenye kampuni ya kutembeza wageni, akijisifu kwamba yeye ndiye aliyegundua njia bora za baiskeli za milimani upande huu wa ziwa. Amegundua! Njia ambazo ng'ombe wamezikanyaga mpaka mawe yakang'aa, ambazo kina mama wanapita na ndoo kichwani kila siku ya Mungu, yeye amezigundua kwa kuja na gari na wapiga picha wawili. Nilitaka kuitupa ile simu ukutani. Sikuitupa kwa sababu ni yangu, na kwa sababu nyingine ambayo nitaifikia.

Mimi nachapa mabango. Nina ofisi ndogo mjini Mwanza, naishi Kiseke, na miaka kadhaa iliyopita daktari aliniambia tumbo langu linaelekea pabaya, nikanunua baiskeli ya gia. Tulikuwa watu watano au sita, kila Jumamosi. Tatizo letu lilikuwa njia. Ukitoka kwenye lami unakuta barabara ya vumbi yenye malori, na baada ya hapo, tulivyoona sisi, hakuna kitu. Milima ya mawe ipo kila upande, mizuri ajabu, lakini sisi tulizunguka chini yake tukila vumbi na kulalamika kwamba mkoa huu hauna njia za baiskeli.

Malalamiko hayo ndiyo aliyoyasikia Bwana Mifugo siku ya kwanza. Tulikuwa tumekaa chini ya mwamba tukiziba pancha, akatokea juu yetu, mahali ambapo tungeapa hakuna njia, akiwa juu ya baiskeli nyeusi isiyo na gia hata moja. Alishuka taratibu, akaegemeza baiskeli, akangoja tumwamkie.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Mnatafuta nini?"

Nikamwambia tunatafuta njia, na kwamba huku njia hakuna.

"Mmetafuta kwa kutumia nini?"

"Tumeangalia kwenye simu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Njia zote za huku zinakwenda majini," akasema. "Simu yako inakunywa maji?"

Alikuwa amestaafu tayari, lakini alikuwa amewachanja ng'ombe wa vijiji vile miaka mingi kiasi kwamba jina la kazi lilimganda. Alikotoka na ukoo wake sitavielezea. Mtu akisikia salamu yake alijua kwamba ni wa Bukoba, na inatosha. Kisukuma alikijua chote lakini alikizungumza kwa lafudhi ya nyumbani kwao, na watoto walimwigiza akiwa hapo hapo. Aliwaacha.

Elimu yake ya njia ilikuwa fupi na aliitoa kwa ukali, kana kwamba tumemkosea kwa kutoijua. Ng'ombe, alisema, hapandi mlima, anauzunguka. Ana mwili mzito na hana haraka, kwa hiyo mahali lilipopita kundi kwa miaka mingi pana mwinuko ambao hata mtu mwenye tumbo kama langu anaumudu, na kona zake hazikushtukizi. Njia ya punda imenyooka mno, itakuvunja mapafu. "Na njia ya mbuzi usiifuate kabisa," aliniambia, akininyooshea kidole usoni. "Mbuzi atakuua." Mwenzetu mmoja hakuamini, akaifuata, akateremka sehemu ya mwisho kwa makalio. Bwana Mifugo hakumpa pole. Alimuuliza tu kama alimwona mbuzi mwenyewe.

Alitufundisha kupanda juu ya mwamba wakati wa kiangazi, jua linapoanza kulegea, na kutazama vumbi la makundi yanaporudi nyumbani. Vumbi lile ndilo lililokuwa ramani yake. Ile ya karatasi alikataa kunichorea, na tuligombana juu ya hilo zaidi ya mara moja. Nilimwambia mimi kuchora ndiyo kazi yangu, nitamtengenezea ramani safi yenye rangi, itundikwe hata ofisi ya kijiji. Akasema nikimpa mtu ramani hatauliza, na asipouliza hatasalimia, na asiposalimia watamjua vipi? Nilimwona mshamba. Niseme ukweli, nilimwona mzee mkaidi anayeficha ujuzi ili tuendelee kumbembeleza.

Na mkaidi alikuwa kweli. Pampu yake ilifungwa kwenye fremu kwa mpira wa tairi, na hakumwazima mtu. Ukipata pancha alikujazia upepo yeye mwenyewe, akihema, jasho likimtoka, lakini ukinyoosha mkono kuishika alikupiga kofi la kiganja. Baiskeli yangu aliidharau waziwazi. Alisema gia ni za mtu asiyejua anakokwenda. Halafu siku moja nilitoka msalani nyumbani kwake nikamkuta ameinua gurudumu langu la nyuma, anazungusha pedeli kwa mkono, anapandisha gia na kuzishusha, moja moja, ameinama kama anayesikiliza moyo wa ndama. Aliponiona akasema alikuwa anaangalia kama cheni ina mafuta.

Mtu aliyemuuliza njia bila kushuka kwenye chombo chake, Bwana Mifugo alimdanganya kwa makusudi. Nilimshuhudia. Walikuja wawili na gari zuri, wakateremsha kioo nusu, mmoja akasema, "Mzee, ziwani wapi?" Bwana Mifugo akawaelekeza kwa heshima zote, mkono umenyooka, mpaka kwenye mbuga ya udongo mweusi. Nusu saa baadaye tulisikia injini inalia. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia kwenye tope kusukuma mpaka jua likazama, na hakuwaambia hata neno moja la kuwasuta. Nilipomuuliza kwa nini basi aliwadanganya, akanijibu kwamba sasa wamewafahamu watu wa pale. Mimi mpaka leo naona alikosea. Gari la watu!

Lakini jambo lake kubwa, lile lililonikera kuliko yote, lilikuwa kushuka. Njia za kule hazipiti kando ya nyumba. Zinapita uwanjani kwa mtu, kati ya kihenge na jiko, pale anapoanika dagaa na kupepeta mahindi. Hakuna uzio. Bwana Mifugo alishuka kwenye baiskeli kila alipofika mwanzo wa uwanja wa mtu, akaisukuma kwa mkono, akaamkia, "Mwangaluka!", akauliza habari za waliolala na walioamka, akavuka, ndipo akapanda tena. Alishuka hata kama aliyekuwepo ni mtoto wa kutambaa. Alishuka hata pasipokuwa na mtu, akasalimia mlango.

Nyie hamjui inavyouma. Unapata mteremko mzuri, njia imelainika, baiskeli inakwenda yenyewe, mwili umeshaizoea, halafu yule mzee mbele yako anabana breki zake za vyuma, kriii, anashuka. Kwa ajili ya kuku watatu. Katika njia moja ya saa moja tulishuka mara tisa. Nilimwambia tunapoteza raha yote. Akasema kulikuwa na mwaka kimeta kiliingia, watu wakaficha mifugo yao milimani wasichanjwe, maana waliokuja na magari waliwatia hofu. Yeye alionyeshwa kila ng'ombe alipofichwa. "Mimi nilikuwa napita uwanjani kwao," akasema.

Hata hivyo mtendaji wa kata akipita, Bwana Mifugo hakushuka. Alimpungia mkono na kuendelea kupiga pedeli. Nilipomkumbusha kanuni yake alisema mtendaji amekaa barabarani, na barabara ni ya serikali. Sijawahi kujua kama huo ulikuwa msimamo au kisasi cha zamani.

Baada ya miaka kama miwili alinipeleka kwenye njia yake mwenyewe. Nyumba yake ilikuwa juu, na kanisa alikoimba besi kila Jumapili liko chini ufukweni. Kati ya hapo ilipita njia ambayo sijaona ya kufanana nayo. Inaanzia kwenye mgongo wa mwamba, inajipenyeza kati ya mawe makubwa kuliko nyumba, inashuka kwa kona pana kwenye mashamba ya mihogo, inaingia uwanjani kwa bibi mmoja mjane, na kutoka hapo inateremka moja kwa moja hadi kwenye matete ya ziwa. Kwa njia hiyo mzee alifika kanisani kwa dakika ishirini. Kwa barabara ya malori, ukizunguka mlima, ni zaidi ya saa moja kwa mtu anayetembea.

Bibi alikuwa amekaa anamenya mihogo. Tulishuka. Bwana Mifugo akamsalimia kwa kirefu, kisha akanishika bega.

"Huyu ni mtu wangu," akamwambia. "Atashuka."

Bibi alinitazama kuanzia kofia ngumu hadi viatu. "Akishuka apite," akasema. "Hii siyo balabala. Ni mji wangu."

Nilishuka kila nilipopita, kwa miezi mingi. Bibi akanizoea, akawa ananiuliza habari za mke wangu kwa jina, na mara mbili alinipa mihogo ya kupeleka Kiseke. Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Kwenye simu kuna kitu kinachorekodi unapopita, kinachora mstari. Nilikiwasha siku moja kwa ajili ya kumbukumbu yangu, nikaona mstari umependeza, nikauweka mtandaoni ili marafiki waone. Nikaandika na jina la kijiji. Wiki chache tu baadaye, yule jamaa wa kutembeza wageni akanipigia. Anataka kuandaa mbio. Na bango anataka nimchapie mimi.

Nililichapa kwa furaha. Jina la kijiji nililiweka juu kabisa, jekundu. Nikampelekea Bwana Mifugo picha ya bango, nikidhani atafurahi kuona kijiji kimejulikana. Aliitazama, akaniuliza swali moja tu.

"Wote watashuka?"

Nikamwambia ndiyo, nitamweleza mwandaaji. Na kweli nilimweleza, msinisingizie. Nilimweleza kwamba pale ni nyumbani kwa mtu na waendeshaji wasukume kwa mkono. Akaniambia, "Haina shida, kaka." Haina shida! Sasa hivi nikisikia mtu anatamka maneno hayo, damu inanichemka.

Siku mbili kabla ya mbio, kaka yake bibi alifariki, na msiba ukawekwa pale pale uwanjani. Mwenyekiti wa kijiji akampigia mwandaaji kuomba mbio zipite kwingine. Mwandaaji akajibu kwamba utepe umeshafungwa kwenye miti na wageni wameshafika. Utepe! Kipande cha plastiki cha kufunga na kufungua, ndicho kilichoshinda maiti.

Wakapita. Watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka, kina mama upande wa jiko, sufuria ya uji iko motoni. Waliokuwa mbele waliingia kwa kasi ya mteremko, wanapiga kelele waachiwe njia. Kina mama wakaokota watoto na kukimbilia ukutani. Mzee mmoja alijaribu kusimama akaanguka juu ya fimbo yake. Sufuria ilipinduliwa, uji ukamwagika hadi kwenye mkeka wa wafiwa. Baada ya hao wakaja wengine, na wengine, na nyuma yao kijana wa mwandaaji na pikipiki yenye spika ya muziki.

Baada ya matanga familia ilifunga njia. Walipanda minyaa mistari miwili, ile ambayo utomvu wake ukikurukia jichoni unaweza kukupofusha, wakajaza matawi ya miiba katikati. Sasa kina mama wa juu wanaokwenda kuchota maji wanazunguka. Ng'ombe wanazunguka. Yule jamaa wa mjini yeye hana habari. Amehamia kijiji kingine, anagundua huko.

Nimewalaumu watu wengi katika maelezo haya, na wanastahili, sifuti hata neno. Ila sijasema mimi nilikuwa wapi siku ile. Nilikuwa kwenye mbio. Nilikuwa wa nne. Niliona mikeka, niliona watu, na nilijua ni nini. Mkono wangu ulikuwa kwenye breki. Nyuma yangu kulikuwa na mtu anapumua, mbele yangu watatu, na sijawahi kuwa wa nne katika kitu chochote tangu nizaliwe. Sikushuka.

Sikwenda tena kule kwa karibu mwaka mzima. Nilijipa sababu: kazi nyingi, mvua, goti. Halafu Jumapili moja asubuhi nilikuwa napita kwenye barabara ile ya malori, ambayo siku hizi ni hatari zaidi, kwa sababu tangu daraja lifunguliwe Kigongo madereva hawana kivuko cha kusubiri na wanakimbia kama wamefukuzwa. Nikaona mbele mtu anasukuma baiskeli nyeusi pembeni kabisa, karibu na mtaro, amevaa koti la kwaya. Malori yalikuwa yanamfunika kwa vumbi, anasimama, linatulia, anaendelea.

Nilimfikia, nikasimama kando yake.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba."

Alikuwa amezeeka ghafla. Mguu wa kushoto ulikuwa haukunjiki, na nadhani baiskeli ilikuwa ya kuegemea tu. Nikamuuliza kwa nini anapita huku kwenye malori. Nilikuwa nimesikia kwamba bibi alifungua upenyo kwenye minyaa, wa kupita mtu mmoja, kwa ajili yake peke yake.

"Ameufungua," akasema. "Tangu Pasaka."

"Sasa si upite? Mguu wenyewe huo! Utakuja kugongwa huku, mzee, kwa ubishi tu!"

Nilikuwa nimepandisha sauti. Nilikasirika kweli, kwa ajili yake, kwa ajili ya mguu wake, kwa ajili ya dereva mpumbavu ambaye bado hajafika. Nilimfokea mzee wa watu barabarani. Alingoja nimalize.

"Nilimwambia utashuka," akasema.

Kisha akatazama chini. Nikafuata macho yake. Mguu wangu mmoja ulikuwa ardhini na mwingine bado uko kwenye pedeli. Nilikuwa nimemwamkia, nimemhoji na kumfokea nikiwa nimekaa juu ya siti.

Nilishuka. Yeye alikuwa ameshageuza baiskeli yake, anarudi alikotoka, kwenye njia ya mlimani. Nikamfuata, nikisukuma. Tukafika kwenye minyaa. Imekua, inanipita kimo. Akaita, bibi akaja upande wa pili, tukamwona kupitia kwenye ule upenyo.

"Uliyekuja naye ni nani?" bibi akauliza.

"Muulize mwenyewe," akasema Bwana Mifugo.

Nilimwamkia. Hakuitikia. Nikamwambia jina langu, ambalo alilijua. Nikamwambia kwamba lile bango nililichapa mimi, na mstari wa kwenye simu ulikuwa wangu, na siku ya msiba nilipita uwanjani kwake juu ya baiskeli, nikiwa wa nne.

"Najua," bibi akasema. "Wale watatu hawakuniona. Wewe ulinitazama."

Bibi akasogea pembeni, akamwonyesha Bwana Mifugo upenyo kwa mkono. "Wewe pita, utachelewa kanisani."

"Nitapita naye," akasema, "siku utakayompitisha."

Bibi alitutazama kidogo, akarudi kwenye mihogo yake. Bwana Mifugo akageuza baiskeli, nami nikageuza yangu, tukarudi hadi barabara ya malori, yeye mbele, mimi nyuma, tukisukuma. Tulipofika kanisani watu walikuwa wanatoka.